Jua la Merauke Huzama Mapema

Ulee Lheue, Banda Aceh
4 Oktoba 1981

Kaka Din,

Asalamu alaikum. Mama mzima, ila goti. Mimi mzima. Habari yenyewe ni kwamba Razali ameposa na Mama amekubali. Ndiyo, Razali yule yule uliyekuwa ukimwita Kichwa Maji, aliyekuwa nyuma yako madarasa mawili. Siku hizi ni fundi wa jenereta hospitalini, na maji yamemtoka kichwani.

Baba hayupo, babu hayupo. Walii wangu, wa kuniozesha, ni wewe. Mama hataki mtu mwingine. Anataka wewe uushike mkono wa Razali na utamke kwa kinywa chako. Mimi pia nataka hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne Baba alipofariki, na tangu siku ile karatasi zangu zote za shule ulizitia sahihi wewe.

Najua utasema ni mbali. Kazi yangu ni kuuza tiketi za ndege, usinifundishe umbali. Nimeshakupangia safari. Merauke hadi Jayapura ni saa moja na robo. Jayapura hadi Biak, saa moja na dakika tano. Kutoka Biak unakaa saa tatu kasoro dakika kumi hadi Ujung Pandang, kisha saa mbili na dakika kumi hadi Jakarta, saa mbili na robo hadi Medan, na dakika hamsini na tano za mwisho hadi hapa. Jumla, saa kumi na nusu angani. Ukiongeza kusubiri, pamoja na kulala Jayapura na Jakarta, ni saa hamsini na moja tangu ufunge mlango wa nyumba ya walimu hadi ubishe wa kwetu. Ndege ingekuja moja kwa moja ni kilomita 5,230. Kwa kurukaruka huku ni kama 6,300.

Saa yako bado iko ukutani, kando ya saa yetu, mbele kwa saa mbili kama Mama alivyoiweka wiki uliyoondoka. Kila adhuhuri huitazama akasema, "Din sasa anatoka darasani." Kijijini jina lako bado ni Din Merauke. Watu arobaini na saba tulikusindikiza kiwanjani kwa mabasi matatu, Mama akakunyunyizia maji na mchele. Hakuna aliyesahau.

Ikiwa shule haikupi ruhusa kabisa, nenda kwa kadhi wa huko, andika mbele yake hati ya wakala, ya kumruhusu kadhi wa hapa aniozeshe kwa niaba yako, aigonge muhuri, uitume. Lakini njoo.

Mdogo wako,
Keumala


Merauke
15 Novemba 1981

Mdogo wangu Keumala,

Barua yako nimeisoma mara nne. Razali ni mtu mwema. Kichwa Maji nalifuta, mwambie.

Kuja siwezi. Mwalimu wa hesabu hapa ni mimi peke yangu, na mitihani iko mlangoni. Nilimuomba mkuu wa shule akacheka. Aliniambia nikiondoka nitafute kwanza wa kunishikia madarasa matano. Kuhusu hati, kadhi wa hapa amekwenda ziara ya vijiji vya mitoni, na watu wanasema harudi mpaka mvua ziishe. Teungku Ramli wa hapo kwetu ni kadhi mzoefu. Atajua la kufanya.

Mwambie Mama nakula vizuri. Nyama ya paa huku ni nyingi kuliko samaki, wanaikausha kwa moshi. Vichuguu vya mchwa vimenizidi urefu, na vimesimama uwandani kama watu waliokatazwa kuketi. Wenyeji wanatulisha sago, ugali wao wa unga wa shina la mti, kwa kila mlo mpaka nimeanza kuuota wali.

Usinikasirikie.

Kaka yako,
Mahyuddin


Ulee Lheue, Banda Aceh
10 Januari 1982

Kaka Din,

Barua yako umeiandika tarehe 15 Novemba, lakini muhuri wa posta ya Merauke ni wa tarehe 7 Desemba. Huwa unazibeba mfukoni wiki tatu ndio uzitume? Nimeipata tarehe 28. Mama alikwenda chumbani, akatoka baada ya saa nzima, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Tumekwenda kwa Teungku Ramli. Aliniuliza, "Wewe binti wa ndege, Merauke ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita 5,230, Teungku."

"Unajua marhala mbili, ule mwendo wa siku mbili wa wasafiri wa zamani, ni kilomita ngapi?"

"Sijui, Teungku."

"Hazifiki tisini. Walii akiwa nje ya hapo, kadhi ana haki ya kuozesha badala yake. Wako amevuka mpaka huo mara hamsini na nane." Akacheka, ameipenda hesabu yake. Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikiliza. Akiwa ndani ya marhala mbili, hata akiwa amejificha uvunguni, mimi sina haki hiyo, na ndoa nitakayofunga si ndoa. Kwa hiyo utaandika hapa mahali alipo kaka yako, na utatia sahihi."

Nikaandika: Walii yuko Merauke, kilomita 5,230 kutoka hapa. Nikatia sahihi.

Mama yake Razali alikuwepo, Hajjah Ruhani. Unamjua mdomo wake. "Kaka gani huyu anayeshindwa hata na muhuri?" Razali alimwambia, "Mama, umeshafika Merauke wewe?"

Ndoa ni Jumapili, tarehe 24. Utakaposoma barua hii nitakuwa mke wa mtu. Siku hiyo nitakuwekea sahani, usiulize kwa nini.

Keumala


Ulee Lheue, Banda Aceh
2 Mei 1982

Kaka Din,

Ndoa ilifungwa salama. Sahani yako aliila Nek Maneh jirani, akasema Din Merauke ana bahati, kijiji kinamlia chakula.

Mungu akipenda utaitwa mjomba mwezi wa Novemba. Hajjah Ruhani ameanza kunisalimia kwa jina. Daktari amenikataza mizigo, baiskeli na boti. Mama anataka mtoto akiwa wa kiume aitwe Mahyuddin. Nimemwambia tusubiri kwanza tuone kama mwenye jina anakuja kumtazama.

Keumala


Merauke
27 Juni 1982, tarehe 5 Ramadhani

Mdogo wangu,

Nimesoma kuhusu mtoto nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akauliza nimepata nini. Nimemwambia nimepata cheo.

Mfungo unakwenda. Joto ni kali na kazi ni ya kusimama. Juzi njaa ilinibana hasa, nikakaa nimeikodolea macho saa ya ukutani dakika ishirini nzima, mshale hausogei, mpaka ilipogonga saa moja kasoro dakika tatu na mwadhini akatuhurumia. Nilikunywa maji nikasahau hata dua. Mwambie Mama, atacheka.

Jitunze. Usipande baiskeli. Ukitaka kitu usimwone aibu Razali.

Kaka yako,
Mahyuddin


Ulee Lheue, Banda Aceh
8 Agosti 1982

Mahyuddin,

Barua yako ya Ramadhani imefika jana. Nilimsomea Mama kwa sauti. Alicheka kwa zile dakika ishirini, kama ulivyotaka. Mimi nilikuwa narudia kuisoma ile saa.

Ofisini tuna jedwali la kuzama kwa jua, kiwanja kwa kiwanja, mwezi kwa mwezi. Viwanja vidogo havina taa, kwa hiyo ndege lazima itue kabla ya giza, na mimi siuzi tiketi bila kutazama jedwali hilo. Miaka sita nalitazama kila siku. Mwishoni mwa Juni, jua la Merauke huzama saa kumi na moja na nusu.

Saa kumi na moja na nusu, Mahyuddin. Wewe umefuturu saa moja kasoro dakika tatu. Hakuna Mwislamu anayekaa na njaa karibu saa moja na nusu baada ya magharibi, anaitazama saa, halafu anamshukuru mwadhini.

Nilidhani umekosea kuandika. Leo ni Jumapili, ofisi imefungwa, nimeomba ufunguo. Nimepitia jedwali lote, viwanja themanini na tatu. Jakarta, hapana. Padang, hapana. Medan jua huzama saa moja kasoro dakika ishirini, hapana. Nchi nzima, mwezi wa Juni, ni viwanja viwili tu ambavyo jua lake linachelewa hivyo. Kimoja ni hiki cha kwetu. Ungekuwa hapa ningekuwa nimekuona sokoni.

Cha pili ni Sabang, kisiwani ng'ambo.

Nilirudi nyumbani nikasimama mlango wa nyuma, pale tunapoanika samaki. Kisiwa kipo palepale kilipo siku zote. Nilikitazama mpaka Mama akaniuliza naona nini. Nimemjibu naona mawingu.

Nakuandikia Merauke kwa sababu anwani nyingine sina. Boti nimekatazwa, na kumtuma Razali siwezi bila kumwambia ninachokifikiria. Sabang ni kilomita thelathini na kitu. Unakumbuka nilichotia sahihi? Nina mimba ya miezi sita. Ikiwa uko kule, mimi si mke wa mtu, na mtu ninayelala naye si mume wangu, na karatasi iliyofanya hivyo ina mwandiko wangu.

Niambie nimekosea. Sijawahi kuomba hesabu yangu iwe na kosa, leo naomba.

Na wewe mwingine, uliyeko Merauke unayezipokea barua hizi na kuzigonga muhuri, maana lazima upo: fungua, soma, nijibu.

Keumala


Sabang
9 Agosti 1982

Keumala,

Tazama muhuri wa bahasha. Barua hii inakuja na boti ya kesho, haikupita kokote.

Jana baada ya alfajiri mwalimu wa msikiti wa hapa alifikia mlango wa ndoa katika kitabu chake. Akasoma habari ya walii na marhala mbili. Mtu mmoja akauliza, "Na kadhi akiozesha huku walii yupo karibu, ila watu hawajui?" Mwalimu akasema ndoa hiyo ni batili, iwe walijua au hawakujua. Nilikuwa nimeegemea nguzo. Watu waliondoka wote, mfagiaji akafika miguuni pangu, akaniambia, "Bwana, unaumwa?"

Barua yako ya Januari niliisoma Februari. Ulinieleza mambo ya marhala, nikayapita kama mtu anavyopita maandishi ya nyuma ya fomu. Nilichokiona mimi ni kwamba nimepona, sitadaiwa muhuri tena. Sina utetezi mwingine.

Sijawahi kufika Merauke. Nimefika Medan.

Siku ile ya Machi 1979, baada ya maji na mchele na watu arobaini na saba, ndege iliruka vizuri. Dakika ya thelathini hivi ilianguka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Pengine zilikuwa sekunde tatu. Bibi aliyekaa kando yangu aliendelea kula karanga. Mimi nililia kwa sauti, Keumala, mwalimu wa hesabu mwenye miaka ishirini na minane. Medan nikashuka nikakaa kwenye benchi. Wakaita jina langu kwa kipaza sauti mara tatu. Niliwasikia. Mlango ulikuwa hatua ishirini kutoka nilipo. Nilijua zimebaki ndege tano, nami nikaendelea kukaa.

Kwenye benchi lile alikuwepo mtu wa Merauke, Bonifasius Mahuze, mchambuzi wa barua wa posta, anarudi kwao kutoka mafunzoni. Alinipa maji. Nikamwomba anipelekee barua moja tu, ya kusema nimefika salama, ili Mama asife kwa hofu wakati najipanga kurudi na aibu yangu. Akaichukua. Mimi nikarudi kwa basi. Nilishuka stendi ya Banda Aceh, kilomita tano kutoka kwenu, nikamwona Nek Maneh ananunua dagaa. Nikageuka nikaenda bandarini.

Nilipanga kukaa Sabang wiki moja. Idara ilinifuta kazi baada ya miezi mitatu. Sasa naandika majina ya miji kwenye makreti bandarini, mwandiko wangu wanausifia. Barua zako huenda kwa Bonifasius, naye hunirudishia. Zangu hupita njia hiyohiyo. Vichuguu, paa, sago, yote ni maneno yake. Kilomita elfu kumi na zaidi kwa kila barua, ili tuvuke maji ya saa mbili.

Tiketi bado ninayo. Kuponi ya kwanza imechanwa, tano ziko nzima.

Asubuhi mawingu yakiwa hayapo naona ufuko wa kwenu.

Sijui nikuombe nini. Niambie la kufanya nitalifanya.

Mahyuddin


Ulee Lheue, Banda Aceh
11 Agosti 1982

Mahyuddin,

Nilikuwa nimeshajua. Hesabu yangu iko safarini kwenda Merauke.

Haya ndiyo yaliyotokea tangu jana. Nilimwonyesha Razali barua yako hospitalini, mbele ya jenereta, hatukusikilizana kwa kelele, akaisoma mwenyewe. Akaizima mashine. Manesi walikuja wakipiga makelele, akaiwasha tena. Alisema, "Kwa hiyo tangu Januari sisi ni nani?" Nikaenda kwa Teungku.

Teungku Ramli alichukua karatasi yangu akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Binti wa ndege, ulipima kiwanja kwa kiwanja. Na mimi nikakuandikisha bila kuuliza nani amemwona." Mtoto hana kosa, anasema, ni wa baba yake, kwa sababu tuliingia bila kujua. Lakini sasa tunajua. Hatukai nyumba moja mpaka ndoa ifungwe upya, na yeye hawezi kuifunga maana walii yupo karibu. Ni wewe au hakuna.

Razali amehamia chumba cha mitambo. Hajjah Ruhani amekuja kuchukua nguo zake. Amesimama mlangoni, majirani wanasikia: "Mwanangu hana mke. Na kama hana mke, sijui nani atamlazimisha aoe tena kwenye ukoo wa waongo." Razali hajasema kama atarudi. Hajasema kama hatarudi.

Kuanzia tarehe 20 unaingia mwezi uliobanwa kati ya Idi mbili, na hapa hakuna anayeoa mwezi huo, unajua. Ukipita huo nitakuwa na mimba ya miezi saba na zaidi. Jumapili, tarehe 15. Boti ya kwanza inatoka bandari yenu ya Balohan saa mbili asubuhi, ya pili saa sita mchana. Haziruki.

Mama nimemwambia. Anaitazama saa yako.

Keumala


Merauke
1 Septemba 1982

Dada Keumala,

Mimi ndiye huyo mwingine. Jina Bonifasius Mahuze, posta ya Merauke, chumba cha kuchambulia. Umeniambia nifungue nikafungua, ni barua ya kwanza ya mtu kufungua katika miaka kumi na moja ya kazi.

Sikujua habari za walii. Sisi ni Wakatoliki, kwetu padri haulizi kilomita. Ningejua, naapa ningeiandika REJESHA KWA MTUMAJI kwa wino mwekundu zamani.

Nilidhani ni barua moja. Halafu ikaja ya pili, na ndani yake mama yako ananisalimia, yaani anamsalimia yeye, na kuuliza kama mvua imeacha. Nikaona aibu kutojibu, maana mvua ilikuwa imeacha kweli. Nikamwandikia Din habari za mvua. Ndivyo ilivyoanza. Mpumbavu ni mimi pia, usimbebeshe peke yake. Lakini hilo la saa ya kufuturu silijui! Hilo ni lake. Mimi ningemwambia jua letu huzama mapema, kuku wa kwetu wanajua.

Dada, tafadhali, alishuka kwenye boti? Barua hii itachukua wiki tatu na jibu wiki tatu. Sijui nitalalaje.

Bonifasius


Ulee Lheue, Banda Aceh
24 Septemba 1982

Ndugu Bonifasius,

Nakujibu kwa mpangilio.

Jumapili tarehe 15 nilikuwa bandarini saa tatu na nusu asubuhi. Nilimkataza kila mtu kuja, wakaja kama thelathini. Wengine walikuja kunishika mkono na wengine kucheka, na sikuweza kuwatofautisha. Boti ya kwanza ilifika saa nne. Nilihesabu abiria sitini na mmoja. Hakuwemo.

Hajjah Ruhani alisema, "Haya, twendeni, jua kali." Razali, aliyekuwa amesimama mbali nami kama sheria inavyotaka, alisema, "Mama, nenda wewe." Ndilo neno la kwanza nililomsikia akilisema kwa siku tano. Alikaa chini juu ya furushi la kamba. Kisha akanisogezea kwa mguu kreti tupu nikalie. Lilikuwa limeandikwa SURABAYA kwa rangi nyeusi, herufi zimenyooka. Niliujua mwandiko. Ulikuwa umepita mbele ya macho yangu bandarini hapo mara ngapi, sijui.

Boti ya pili ilifika saa nane na dakika tano. Alishuka wa mwisho. Amekonda, ana mvi. Nek Maneh alipaza sauti, "Din Merauke! Ndege imechelewa?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama ametuletea nyama ya paa. Alipita katikati yao bila kuinamisha kichwa, nikadhani ni kiburi. Alipofika karibu nikaona shati limelowa na midomo ni myeupe. Hakuogopa maji, Bonifasius. Alituogopa sisi kama alivyoiogopa ile ndege. Baadaye alinieleza kwamba boti ya kwanza alikuwa ameipanda akashuka, hatua ishirini zilezile, na kwamba kwa ya pili alimwomba mpakiaji makreti mwenzake amshike mkono mpaka ubao uondolewe.

Hakusema samahani. Aliniuliza, "Kadhi yuko wapi?"

Ndoa ilifungwa ofisini kwa Teungku Ramli saa tisa na robo. Kaka aliushika mkono wa Razali. Mara ya kwanza alitamka chinichini, Teungku akasema, "Rudia, inasikika nusu." Akarudia. Razali akapokea kwa pumzi moja. Dakika nne kwa jumla. Teungku aliichukua ile karatasi yangu ya Januari, akaikunja, akanirudishia. Nimeiweka. Hajjah Ruhani hakuja, na mpaka leo hanisalimii kwa jina. Razali amerudi nyumbani. Kuna siku ananitazama kwa muda mrefu, nami najua anahesabu miezi ile. Simkatizi.

Sasa Mama. Ofisini hakuja. Kaka alimkuta nyumbani amekaa chini ya zile saa mbili. Alipiga magoti akaweka kile kitabu cha tiketi mapajani mwake. Mama alizihesabu kuponi kwa kidole, moja hadi tano. Hajui kusoma, lakini kuhesabu anajua.

"Safari imechukua muda gani?" akamuuliza.

"Saa mbili, Mama."

Mama aliinuka na goti lake, akavuta kibao, akapanda, akakataa kushikwa. Akaifungua kioo saa ya Merauke, akairudisha nyuma saa mbili, akashuka. Kisha akaenda kumpakulia chakula. Alimpakulia sago. Sijui aliupata wapi, huku hatuli. Akamwekea mbele, akasimama juu yake na mikono kiunoni.

"Kula. Si uliniandikia unaula kila mlo?"

Alikula wote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuonja.

Keumala